Kucha za Bi Mwatime, Msuka Mikeka

Kama unamjua mtu ambaye mikono yake haitoki majini, mtumie hii leo.

Mfalme mmoja alikuwa anamwoza binti yake. Akamwita Bi Mize, msuka mikeka wake, akamwambia, "Nataka mkeka wa harusi. Ukikushinda, kazi zangu zote nampa msuka mwenzako, Bi Mwatime."

Bi Mize akaitikia, lakini moyoni alikuwa hoi. Kucha zake zilikuwa kavu, zinamenyeka na kukatika. Kutwa aliloweka ukindu, majani ya kusukia mikeka, akafua, akaosha vyombo, kisha akauchana ukindu huo kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukipasuka hadi kwenye nyama, alifunga kitambaa akaendelea. Mama yake alichana hivyohivyo, na Bi Mize hakuwa mtu wa kuambiwa.

Ajabu, Bi Mwatime alisuka mwaka mzima bila kufunga kitambaa hata kimoja.

"Yule ana dawa," Bi Mize aliwaambia majirani. "Tena ya uganga!"

Harusi ikakaribia, mkeka haujafika hata nusu. Bi Mize akaweka aibu pembeni, akaenda kwa mpinzani wake.

"Hodi, dada. Nimekuja kuomba hiyo dawa yako."

"Karibu. Lete mikono." Bi Mwatime akaitazama, akachukua mkasi, akaanza kumkata kucha, fupi kabisa.

Bi Mize akapiga kelele. "Unanimaliza! Ukindu nitauchana na nini?"

"Na hiki." Akampa kisu kidogo, kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe.

Bi Mize akatoa macho. Kucha alizozionea wivu miaka yote zilikuwa fupi kama za mtoto mchanga, zinang'aa mafuta ya nazi.

"Uganga wenyewe ndio huu," Bi Mwatime akacheka. "Ukitoka majini, kausha mikono, paka mafuta. Na ukucha si kisu, mwenzangu."

"Zitapona kabla ya harusi?"

"Thubutu! Kucha hukua taratibu, hiyo ni kazi ya miezi. Lakini mkeka utakwisha."

"Mbona unanisaidia, na kazi ingekuwa yako?"

"Nataka nikushinde kwa kusuka, si kwa vidonda vyako."

Mkeka ukaisha, mfalme akausifu mbele ya watu. Bi Mize akasimama, majirani wote wakimsikia.

"Nilimsingizia Bi Mwatime uganga," alisema. "Bila yeye mkeka huu usingekuwepo."

Funzo: Mikono inayokulisha ina haki ya kutunzwa. Usiibebeshe kazi ya kisu, halafu ikiumia ukatafuta mchawi.