Nyigu wa Mama Semeni

Auaye nyigu wote huua na mlinzi. Mmeisikia kwa shangazi yenu, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianzia mkononi mwangu, basi msicheke tena.

Mwaka ule mikaratusi yetu ya Lugema ilijaa vinundu kwenye majani, matawi yakajikunja. Mharibifu alikuwa nyigu mdogo kuliko sisimizi, anayetaga ndani ya jani. Jirani yangu Mama Semeni, mjane, alikuwa na shamba la mikaratusi aliloachiwa na marehemu. Nyumba yake ilikuwa inavuja, na miti ile ndiyo ingempa nguzo na boriti za nyumba mpya.

Bwana miti Kihwelo akaita mkutano. Alileta nyigu wa aina nyingine, ambao watoto wao humla yule mharibifu ndani ya kinundu. Akawaachia shambani kwa Mama Semeni wazaliane kwanza. Mimi mkutanoni sikwenda. Bomba la kupulizia dawa nilikuwa nalo peke yangu kijijini, nikajiona sina la kufundishwa.

Punde Mama Semeni akaenda msibani kwao. Kwetu, mtu akiwa msibani, jirani humtazamia shamba bila kuombwa. Nikaona nyigu juu ya majani yake, nikabeba bomba, nikapuliza mti baada ya mti. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Aliporudi, alikuja shambani na Bwana Kihwelo, nami nikawafuata.

"Nani kapuliza hapa?" Kihwelo akauliza.

"Mimi," nikajibu kwa majivuno. "Nimewamaliza wote!"

Kihwelo akachana kinundu kwa ukucha. Ndani funza alikuwa mzima, anajinyonganyonga.

"Umewamaliza niliowaleta, mzee. Hawa dawa haiwafikii."

Nilitamani Mama Semeni anitukane.

"Pole na kazi, shemeji," akasema, akaingia nyumbani kwake.

Niliona aibu ambayo hadi leo ninayo. Miti yake ilidumaa, ikaishia kuwa kuni. Mwaka uliofuata Kihwelo alileta nyigu wengine, wakaiponya miti ya kijiji, yangu ikiwemo. Kabla hajawaachia, aliuliza mkutanoni nani atawaambia watu waache mabomba nyumbani. Mama Semeni akasimama. Hakunitazama, lakini wengine wote walinitazama.

"Jamani," akasema, "auaye nyigu wote huua na mlinzi."