Amri Aliyoiacha Bi. Leokadia

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami nimeshindwa kuikalia peke yangu. Isomeni mpaka mwisho. Humu kwenye kundi wapo wanaosoma mistari miwili wakaanza kutoa hukumu, nao wanajijua.

Katika hospitali moja ya mkoa, kusini huko, alikuwepo mama aitwaye Bi. Leokadia. Kwa miaka thelathini na moja alitunza mafaili ya wagonjwa, kwanza ya karatasi, kisha ya kwenye kompyuta. Hizo kompyuta hakuzisomea. Alijifunza kwa kuuliza na kung'ang'ana, mpaka seva ya hospitali akaijua kama anavyolijua jiko lake.

Akastaafu. Wakampa kitenge na chupa ya chai, wakanywa soda robo saa, kila mtu akarudi kazini kwake. Ndivyo tunavyoagana siku hizi, Mungu atusamehe.

Miezi miwili baadaye hospitali ikaweka toleo jipya la kanzidata, yaani ile hifadhi yanamokaa mafaili yote, na hifadhi hiyo ikapewa jina jipya. Kazi ilifanywa na Onesmo, fundi aliyechukua nafasi ya Bi. Leokadia, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mpaka Jumamosi jioni kila kitu kilikuwa shwari.

Jumapili asubuhi halikufunguka faili hata moja.

Niwaeleze kidogo, maana hata mimi nilielezwa. Mlangoni pa kanzidata hukaa programu ndogo ambayo mafundi huiita msikilizaji. Kompyuta ya wodini ikitaka faili, inabisha kwake, naye anaielekeza ndani. Sasa asubuhi ile kila aliyebisha alijibiwa kwamba hifadhi anayoiulizia haijulikani hapo.

Onesmo akazima kila kitu, akawasha upya kwa mkono, mambo yakakaa sawa. Jumatatu asubuhi, yale yale. Jumanne, yale yale. Aliisoma mipangilio mipya mstari kwa mstari asione kosa. Wauguzi wakarudia kuandika kwenye madaftari, na wagonjwa wakapanga foleni mpaka getini. Fundi wa watu akaanza kukonda.

Alhamisi akapata wazo la kuingia kwenye akaunti ya zamani ya Bi. Leokadia, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Humo akaikuta amri moja fupi ambayo kompyuta huitekeleza yenyewe: kila siku saa kumi na moja alfajiri, mwamshe msikilizaji. Aliyekuwa akiamshwa ni yule wa zamani. Alikuwa anaushika mlango kabla mpya hajaamka, na kwa kuwa jina jipya halijui, anamfukuza kila anayebisha.

Onesmo akaiondoa amri, tatizo likaisha. Ila alikuwa ameona kitu kingine kikamkosesha raha. Amri ile iliandikwa siku ile ile aliyostaafu Bi. Leokadia, saa kumi jioni, baada ya soda.

Alipompelekea taarifa mganga mfawidhi, Daktari Mapunda, daktari hakusita hata kidogo. Alisema mama yule amewategea mtego kwa kinyongo. Na mnatujua binadamu, mtu akishaondoka hana wa kumtetea. Mmoja akakumbuka kwamba siku ya kuagwa hakucheka sana. Mwingine akasema alimwona amerudi ofisini peke yake na kufunga mlango. Mpaka mchana barua ya kwenda polisi ilikuwa imechapwa, inasubiri sahihi. Miaka thelathini na moja ya jina jema ilikuwa imebakiza wino tu.

"Daktari, tumuulize kwanza," Onesmo akaomba.

Daktari akakubali, lakini akasema atakwenda naye yeye mwenyewe, aone huyo mama atakavyobadilika uso.

Uso ulibadilika kweli. Bi. Leokadia alipowaona mlangoni alifurahi mpaka akawa hajui aanze na lipi. Akasema alijua tu kwamba iko siku watakuja kumjulia hali. Wakakalishwa, wakanawishwa, wakaletewa ugali wa moto na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga. Nani angeweza kumwambia mtu jambo la polisi huku anamwongezea mboga? Wakala. Daktari aliongezwa mara mbili.

Baada ya kunawa, Onesmo akamuuliza taratibu kama kuna amri aliiacha kwenye seva.

"Ile ya alfajiri?" Macho yakamng'aa. "Bado inaamsha?"

Ndipo akawaeleza. Kila usiku mfumo ulikuwa unajizima ili kunakili mafaili, na zamani haukuweza kujiwasha. Mwaka mmoja wa mvua nyingi aliletwa mama mjamzito alfajiri, anatokwa damu, na faili lake halikufunguka mpaka Bi. Leokadia alipofika saa moja. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo alikwenda kuwasha mwenyewe saa kumi na moja, kila alfajiri, miaka tisa, Krismasi na Pasaka. Pale hospitalini walidhani mafaili yanafunguka yenyewe.

"Siku ya kuondoka nikajiuliza, kesho nani atakuja? Nikamsumbua mtoto wa dada yangu kwa simu mpaka akanielekeza namna ya kuiandika."

Onesmo ilimbidi aseme ukweli, kwamba baada ya maboresho amri ile ndiyo iliyokuwa inafunga mlango. Bi. Leokadia akajishika kichwa. Aliuliza kama yuko mgonjwa aliyeumia, na alipoambiwa hakuna, alilia hata hivyo, akisema amewatesa wauguzi wake siku tano nzima.

Daktari Mapunda alikuwa anatazama chini. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakumwambia mtu.

"Nilikaa ofisini mpaka giza likaanza kuingia, Daktari, nikisubiri mtu wa kukabidhiana naye. Hakuja mtu."

Na aliyepaswa kumtuma mtu huyo ni nani? Ni yeye daktari. Alijua, na pale pale akasema, "Mama, nisamehe. Kosa ni langu." Barua ile haikupata sahihi.

Kisha daktari akaomba daftari la Onesmo na kalamu. "Tukabidhiane sasa," akasema, "mimi mwenyewe nitaandika."

Bi. Leokadia akafuta macho, akaanza kutaja. Funguo za kabati la chini ziko wapi. Seva inapata joto sana mwezi wa kumi na moja. Daktari akaandika kurasa nne. Akauliza kama yamekwisha.

"Limebaki moja. Sista Agripina wa wodi ya wazazi siku hizi haoni vizuri, ila anaona aibu kusema. Kompyuta yake muiwekee herufi kubwa."

Daktari akaandika na hilo, akalipigia mstari.

Funzo: Kabla hujamshitaki aliyeondoka kwa kilichoharibika, nenda kamuulize alikuwa anamlinda nani. Na anayeondoka, usimpe zawadi tu. Kaa naye akukabidhi, maana mengi aliyowafanyia hamkuwahi kuyaona.