Nondo Aliyeoa Mpini wa Jembe

Hadithi, hadithi!

Njoo, ukae kitako, ututie utamu!

Basi hapo zamani, huko milimani Lushoto kwenye baridi, palikuwa na shamba la matufaa. Chini ya mtufaa mmoja alikaa Sisimizi na wanawe. Juu alikaa Nondo. Nondo huyo, jamani! Mabawa ya kujionyesha, tumbo halijui shukrani. Kila msimu alioa, wakazaliwa funza, funza wakala matufaa, krau krau krau, wakabakiza vikonyo.

Siku moja Mzee Shekigenda, mwenye shamba, akaja na shoka begani. Akapasua tufaa, akakuta funza anamtazama. Akasema, "Msimu ujao nikikuta funza tena, nakata miti yote, napanda viazi."

Sisimizi roho ikamruka. Wanawe watakwenda wapi? Akapanda juu, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, kesho naoa."

"Nakuomba msimu huu usioe."

Nondo akacheka mpaka unga wa mabawa ukamwagika. "Nisioe? Mimi nikinusa mwali, nafuata. Toka hapa!" Akampiga bawa, pwaa! Sisimizi chini.

Akalia. Alipochoka kulia akaenda kwa mwali, aliyekuwa juu ya jani akingoja bwana.

"Mwanangu, utaolewaje hujasingwa? Njoo nikusinge."

Akamsinga, suku suku suku, akazoa mabaki yote ya singo aliyomsugulia mwilini, yamejaa harufu ya mwali. Akapaka vijiti, tiki tiki. Akapaka ndoo, tiki tiki. Akapaka kofia ya Mzee Shekigenda na mpini wa jembe lake.

Kesho yake Nondo akatoka, puu puu puu. Akanusa kushoto, mwali! Akanusa kulia, mwali! Kizunguzungu kikamshika, akatua kwenye mpini wa jembe.

"Mrembo, umenikubali?"

Mpini kimya.

Sisimizi, aliyejitwika ushenga bila kuombwa, akadakia, "Bwana mkubwa, mwali akinyamaza ndiyo amekubali! Huyu kalelewa."

"Kweli," akasema Nondo. "Mwembamba kidogo, lakini ana adabu."

Akaoa. Vigelegele, lelelelele! Nduguze wakaoa vijiti. Mjomba wake akaoa kofia, akahamia ukweni, kichwani kwa mzee.

Mwali wa kweli akauliza, "Somo, mbona bwana haji?"

"Wanaume wa siku hizi, mwanangu," akajibu Sisimizi, na moyo ukamchoma. Kidogo tu.

Matufaa yakaiva. Mzee Shekigenda akaja na shoka, akapasua tufaa, jeupe! Akapasua jingine, jeupe! Akatupa shoka, akashika jembe akapalilie.

"Mzee!" Nondo akapiga kelele. "Mikono yako kwa mke wangu ya nini?"

Basi watoto, funzo ni hili: hila ni mbaya, msizifanye. Sisimizi mwenyewe anajuta mpaka leo, anajuta mdomo umejaa tufaa. Na katika milima ile yote, ndoa isiyosikika ugomvi ni ya Nondo peke yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa na funza, temeni.