Nyasi za Mjane wa Siyu

Kwa jina la Mola aipasuaye mbegu gizani, na sala na salamu zimfikie Mtume wake. Kisa hiki ni cha watu wa Siyu. Nilikipokea kwa nyanya yangu, naye kwa mkunga wake, wanawake wasioongeza chumvi ila kidogo.

Hapo zamani palikuwa na mjane, Bi Shufaa, aliyeposwa na wanaume watatu kwa mpigo. Kutwa walipita kumjulia hali, hata nyasi za mbele ya nyumba yake zikakanyagwa, zikafa, uwanja ukabaki mtupu kama upara wa kadhi.

Bi Shufaa akatifua udongo, akapanda mbegu mpya, akawaita wachumba wake, Maalim Badi, Shekuwe na Famau.

"Mabwana, mmeufanya uwanja wangu njia ya ng'ombe. Siku ya ishirini na moja nyasi zikiwa zimemea, nitaolewa na aliyezilea. Wawili watakaobaki wasinipigie hodi tena mpaka Kiyama."

Maalim Badi akahamia ukingoni mwa uwanja kutawadha, maji yakinyunyizia mbegu. Akatawadha tena. Na tena.

"Maalim, huu udhu wa kumi na mbili, na adhuhuri bado!"

"Ni maharage, Bi Shufaa. Udhu haukai."

Shekuwe akaja kufukuza ndege. Akajilaza barazani, akakoroma. Njiwa wakatua, wakasikia, wakaruka. Kuku wakaja, wakasikia, wakahama mtaa.

Famau hakuonekana. Siku ya kumi, hakuonekana. Siku ya ishirini, hakuonekana.

Siku ya ishirini na moja nyasi zilisimama, laini kama ndevu za kwanza za kijana. Famau naye akatokea, akasimama ng'ambo ya njia.

"Nimezinywesha mimi," akasema Badi. "Bila maji, mbegu ni mchanga tu."

"Nimezilinda mimi," akasema Shekuwe.

"Umelinda umelala?" akadakia Badi.

"Nitajie ndege aliyekula hata punje moja!"

Famau akacheka. "Nyasi za kwanza ziliuawa na nini, mabwana? Si kiu, si njiwa. Ni miguu yetu. Nami, nikiungua kwa mapenzi, nimezunguka mitaa mitatu kila siku nisikanyage hapa."

"Basi hata marehemu mumewe amezilea," akafoka Badi, "maana naye hajakanyaga!"

Bi Shufaa akawatazama mmoja mmoja. "Mume nimtakaye ni mmoja," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango.

Je, enyi wasikilizaji, nani alistahili kufunguliwa?

Nanyi mliotega masikio, Mola awape umri mrefu, riziki ya halali na wakwe wapole. Amina.