Ubao wa Kumi

Baba mmoja aligawa boma lake kabla hajafa, na aligawa vizuri, hakuna aliyelalamika. Mghanga, mwanawe mkubwa, alipewa ua wa nje, lango, mbwa na njia ya kwenda barabarani. Righa, mdogo, alipewa visima, ghala la chakula na dawa za watoto wote wa pale. Likabaki daraja la mbao juu ya mto. Baba akasema hilo ni lenu nyote wawili, akafa.

Basi wakaligawa wenyewe. Mbao zilikuwa kumi na tisa. Mghanga alihesabu tisa kutoka upande wa barabara akazipigilia misumari, Righa akahesabu tisa kutoka upande wa nyumbani, naye akapigilia. Hawakuhesabu pamoja hata siku moja. Ubao wa kumi, ule wa katikati, ulioza ukaanguka, na kila aliyepita aliruka.

"Kaka, nusu yako ina pengo," Righa alimtania.

"Yangu nilimaliza, bwana mdogo. Hilo pengo ni lako."

Mkawasi, mke wa Righa, hakucheka. Alimwambia mumewe, akaambiwa amwone shemeji, mbao ziko kwake. Akamwona shemeji, akaambiwa nyundo iko kwa mumewe. Kisha asubuhi moja, mvua haijakatika tangu juzi, mtoto wake akashikwa na degedege, macho yakageuka, dawa za nyumbani zikashindwa, na zahanati iko ng'ambo. Akamfunga mgongoni akakimbia. Maji yalikuwa yanagusa mbao, mekundu, yanavuma, kanga imelowa inateleza, na alipofika ubao wa tisa miguu ilikataa kuruka. Mtoto alikuwa ametulia. Hakujua kama ni usingizi.

Ndugu wale wawili walifika mbio, kila mmoja ukingoni kwake, Mghanga na ubao begani, Righa na nyundo mkononi. Na hapo hapo wakaanza kubishana, kwa sababu Mghanga aliogopa kwamba akiuweka leo utakuwa wake siku zote, na Righa aliogopa kwamba akiupigilia ataambiwa alikuwa wake tangu mwanzo. Daraja likatikisika. Mkawasi hakugeuka nyuma, aliogopa hata kugeuka. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida:

"Mtoto akianguka hapa, ameangukia kwa nani?"

Wote wawili wakatazama maji.

Mimi sijui kama alivuka. Najua ubao uko kwa serikali kuu na nyundo iko kwa kaunti, na kwamba imeandikwa katika katiba kwamba kukabili maafa ni kazi yao wote wawili, na mtoto wangu ana miezi saba, na huku kwetu mvua imeanza. Kati yao, ni nani atakayekanyaga kwanza nje ya ubao wake wa tisa?