Nati Iliyokataa Spana

Mwiba ni kitu kidogo. Hutolewa kwa ncha ya sindano ukasahauliwa. Lakini anayeudharau na kusema utatoka wenyewe, hujikuta siku moja akiburuta mguu uliovimba kama gogo. Wahenga walilijua hilo kabla Mbaruku hajanunua gari.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, mojawapo ya yale yaliyouzwa Nachingwea baada ya mradi wa karanga kufa. Breki ya mkono ilikuwa imekatika waya. Iliyobaki ni ya mguu. Asubuhi moja Mbaruku alikuta tone la mafuta ya breki chini ya gurudumu la mbele. Akachukua spana ili afungue bomba, abadilishe mpira uliochoka. Nati ilikuwa imeng'ang'aniana na bomba kwa kutu, kama kupe na mkia wa ng'ombe. Akaikanyagia spana kwa mguu. Nati ikazunguka, na bomba nalo likazunguka, likajisokota kama kamba ya ukindu. Mbaruku alitazama asielewe: amefungua au amefunga? Akairudisha ilikotoka, akalifuta tone kwa kitambaa. Halikudondoka jingine.

Siku hiyo hakuwa na subira. Alitakiwa Ruangwa kabla ya alasiri, kwa dada yake Mwamina, kupokea posa ya mpwa wake Fatu. Kwa Wamwera wa ukoo wake, binti haozwi mjomba asipokuwapo. Wajumbe wa mchumba walikwisha kuja mara moja, mjomba asitokee. Wakaapa kwamba wasipomwona safari hii hawatatia mguu tena.

Benedikto, Mngoni aliyekuwa dereva mwenzake enzi za mradi, tena mtani wake wa kikabila asiyeishiwa mizaha, alifika akainama, akalipapasa bomba.

"Mtani, hili umelisokota. Litapasuka. Tulikate, tuweke jingine kesho. Leo chukua baiskeli yangu."

"Ili Mngoni abaki na gari langu?"

"Babu yangu aliiba mbuzi wa babu yako, lakini hili hata yeye angeliacha."

Mbaruku alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo moyo wake uliingia ukungu. Miaka yote maneno ya Benedikto yalikuwa ya kuchekwa. Leo angejuaje lipi la kucheka na lipi la kushika?

"Yote hayo kwa nati tu?" akasema, akawasha gari.

"Basi twende wote," Benedikto alijibu akipanda. "Ukifa peke yako, nani atakucheka?"

Walipita Ruponda salama salimini, na Mbaruku akazidi kumsimanga mtani wake kwa woga. Kwenye mteremko wa mwisho alikanyaga breki. Mguu ukazama kama uliokanyaga tope. Akakanyaga tena; patupu. Akavuta breki ya mkono, ndipo akakumbuka waya. Akapiga honi, asijue anampigia nani. Gari likaacha njia, likafyeka ufuta wa watu, likajibamiza kwenye kichuguu.

Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeteguka. "Tangulia," alimwambia Benedikto. "Waambie nakuja."

Benedikto alitimua mbio. Mbaruku akafuata akichechemea, amejiegemeza kwenye fimbo ya mti. Alipofika, jua lilikuwa linakuchwa na jamvi la wageni linakunjwa.

"Kaka," Mwamina alisema, "Benedikto alituambia habari ya nati, na kwamba gari lako limepanda kichuguu. Tukasema, mtani keshaanza. Akaapa, tukazidi kucheka. Wageni hawakucheka. Walisema unawadharau, wakaondoka."

"Nililia kabisa, mtani," alisema Benedikto kwa sauti ndogo. "Wakanisifu kwamba najua kulia."

Fatu aliendelea kukunja jamvi. "Mjomba," aliuliza bila kuinua macho, "ni kweli ilikuwa nati tu?"

Mbaruku alifungua kinywa. Aanze na kutu, aanze na utani, au aanze na wageni? Vyote vilimzunguka kichwani kama spana isiyoshika kitu. Akainama avue kiatu, kiatu hakikuvulika. Mguu ulikuwa umejaa mpaka kwenye gidamu.

Na asisingiziwe Mngoni, wala kutu. Bomba lilitoa tone, mtani akatoa neno, na mwenyewe akavicheka vyote viwili. Mdharau mwiba mguu huota tende.