Neno Gwiji na Mtungi wa Nampombe

Hapo kale, bibi za bibi zetu wakiwa wasichana, neno gwiji halikuwa na mwenyewe katika kilima cha Kiruani. Aliyepika uji ukaiva aliitwa gwiji. Aliyefinyanga chungu kikavuja aliitwa gwiji pia, maana watu wa enzi ile walikuwa wapole, hawakupenda kuudhiana.

Nampombe alilipenda neno lile kuliko wote. Alikuwa mfinyanzi, na kwa kweli mikono yake haikubahatisha. Mwaka mmoja ukoo ulimwagiza mtungi wa kuchachushia pombe ya miwa ya harusi, mtungi mkubwa usiokumbatika. Siku ya kuchoma, wanawake wa kilima kizima walipanga vyungu vyao, kazi ya kiangazi chote, katika rundo moja la kuni na nyasi. Mtungi wa Nampombe ukawekwa katikati.

"Gwiji huyo," wakasema, na moto haujawashwa.

Ndipo akaja Nakiete, mfinyanzi wa ng'ambo ya mto. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu mavuno mawili.

"Umekuja kusifu au kuota moto?" Nampombe akamuuliza.

"Nimekuja kuokota vigae, mwenzangu."

Nakiete akainama, akapenyeza kichwa kati ya kuni, akaegemeza shavu lake kwenye kitako cha mtungi. "Baridi," akasema. "Udongo bado una maji."

Watu wakacheka. Nampombe hakucheka. Alijua kwamba mtungi mbichi ukipasuka motoni huvunja na vyungu vya jirani. Alijua pia kwamba akiutoa mbele ya macho yale, sifa zote zitatoka nao. Akaweka shavu lake pale pale alipoweka Nakiete, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaanza kuondoa kuni, mwenyewe, bila kumtazama mtu.

Siku kumi baadaye mtungi ulichomwa peke yake. Nakiete akavuka mto tena, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio mpaka ukaisha.

"Gwiji," akasema, akarudi kwake.

Nampombe alikuwa ameitwa hivyo maisha yake yote. Siku ile ndipo alipoketi chini akalia.

Na tangu siku hiyo, kilimani pale neno hilo halitoki kwa jamaa wala kwa mnunuzi. Hutoka kwa fundi mwenzako, anayejua pa kuweka shavu. Na mshindani akifa, fundi aliyebaki hunyoa nywele pamoja na wafiwa, kwa kuwa hana tena wa kumwita gwiji.